Kadi ya Kijani

Jumanne, Grudziądz, ghorofani juu ya kituo cha zimamoto.
Makoti ya sufu yananuka mvua ukutani.
Kaka yangu Ziemowit yuko mbele yangu, upana wa meza moja,
mwaka wa tatu tangu tuuze nyumba ya mama
na kugombania, kati ya vyote, cherehani.

Hatusemezani. Tunacheza briji.
Mchezo huu una maneno kumi na tano tu:
namba saba, rangi nne na bila turufu,
pita, dabo, dabo juu ya dabo.
Hata hayo hatuyatamki. Yamechapwa kwenye kadi,
tunayachomoa kisandukuni, tunayalaza mezani.
Yanatutosha. Zamani tulikuwa na mengi
na tazama yalikotufikisha.

Ziemowit anafungua: uru moja.
Bogusz, mwana wa mfamasia, hangoji hata kumeza mate:
anaweka kadi ya kusimamisha,
kisha shupaza mbili, kwa kishindo.
Namjua. Ana shupaza sita na mifuko mitupu.
Ni yule aingiaye hotelini akiagiza kwa sauti
ili asiulizwe kama ana nauli ya kurudi.
Kelele yake ina kazi: kula ile nafasi
ambayo mimi na kaka tungeulizana taratibu.

Sheria: baada ya mruko, nisubiri sekunde kumi.

Moja. Natazama mkononi mwangu.
Mfalme wa shupaza, ghulamu, kumi, tisa, saba.
Mbili. Natazama tena, nisije nikawa naota.
Tatu. Vidole vinataka kadi ya dabo,
vinataka kumwambia Bogusz: rudia, nisikie vizuri.
Lakini kwa mapatano yetu dabo hapa si adhabu,
ni ombi: kaka, nina kopa nne, nihamishe.
Naye angenihamisha, mtiifu,
na Bogusz angepumua.
Tano (nne imenipotea njiani):
bila turufu mbili? Pointi ninazo.
Lakini wao wako hatarini, na mtego umeshajitega wenyewe.
Sita. Limebaki neno moja, dogo kuliko yote,
la kijani, wanalolitoa wasio na kitu.
Saba. Kaka atajua?
Kwamba nikinyamaza sijaishiwa, nimejaa?
Mara ya mwisho niliponyamaza, ofisini kwa wakili,
alidhani ninakubali.
Nane, tisa. Nisichelewe, nisiharakishe;
kusita nako ni kusema, na ni haramu.
Kumi.

Pita.

Teodozja anapita, macho kwenye biskuti.
Ziemowit anatazama karata zake.
Hanitazami usoni. Hairuhusiwi,
na hata ingeruhusiwa.
Ana shupaza moja, nadhani. Anazihesabu za wengine:
sita kwa Bogusz, Teodozja hakumuunga mkono,
basi zilizobaki zimelala kwa nani?

Kadi nyekundu. Dabo.

Wote wanapita. Nami napita tena,
safari hii nikiwa sina wasiwasi wowote.

Bogusz aliahidi mizunguko minane, akapata mitano.
Wanasema debe tupu haliachi kuvuma.
Hawasemi kwamba lazima pia awepo mtu
wa kulisubiri mpaka linyamaze.

"Mia nane," anasema Teodozja, kama anayesoma bei ya nyama.
Ziemowit anaandika. Nane yake ni duara mbili,
moja juu ya nyingine, hazigusani kabisa,
vile vile alivyoandika mama
akipima viuno vya watu kwa futi kamba.
Sikujua kwamba bado anaiandika hivyo.

Anachanganya karata muda mrefu kuliko inavyohitajika.
"Cherehani," anasema, akiziambia karata,
"sindano yake ilivunjika tangu Pasaka."

Hilo si mojawapo ya yale kumi na tano.

Anagawa. Nazivuta zangu kumi na tatu,
nazipanga ukingoni mwa meza, migongo juu.
Sizifunui bado.